Mkuu wa Shule Anaongozaje Masomo Asiyoyafundisha?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, simu kutoka ofisi ya elimu ya halmashauri humtafuta mtu mmoja: mkuu wa shule. Ataulizwa kwa nini sifuri zimeongezeka, kwa nini Fizikia imeporomoka, kwa nini shule ya jirani imempita, na atatakiwa kuleta maelezo kwa maandishi. Mkuu huyo pengine amesomea Historia na Kiswahili. Kwa wiki ana vipindi vinne au sita, na hivyo navyo huvikosa mara nyingi kwa sababu ya vikao. Waliofeli Fizikia hakuwahi kuwafundisha hata siku moja. Basi anahusikaje na kufeli kwao? Na mwaka watakaofaulu, tutampongeza kwa kitu gani hasa?

Swali hili hujibiwa kwa haraka mno. Wapo wanaosema mkuu akiwa mkali, shule itafaulu. Wapo wanaosema mkuu ni msimamizi wa majengo na fedha, masomo ni ya walimu. Majibu yote mawili yanairuka njia ambayo kazi ya mkuu inapita mpaka kufika kwenye daftari la mwanafunzi, na njia hiyo ndiyo ninayotaka tuifuate hapa.

Naifuata nikiwa na mkoa wa Tabora akilini, kwa kuwa hapa shule za aina tofauti kabisa zimo ndani ya mkoa mmoja. Mjini kuna Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, shule kongwe za serikali zinazopokea wanafunzi wa vipaji maalumu kutoka nchi nzima. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Wavulana kuanzia 1937, na alipotoka Makerere alirudi mji huohuo kufundisha katika shule ya St. Mary's. Ukitoka mjini kuelekea Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, unakutana na shule za kata, nyingi zikiwa zao la Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, na nyingine mpya kabisa zilizojengwa kwa fedha za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Cheo cha kiongozi kote huko ni kilekile. Kazi iliyo mezani kwake haifanani hata kidogo.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1966 nchini Marekani ilitolewa taarifa kubwa ya utafiti ulioongozwa na mwanasosholojia James Coleman. Wengi walioisoma waliondoka na fundisho moja: mtoto hufaulu au hufeli kutokana na hali ya nyumbani kwao, na shule ina uwezo mdogo wa kulibadili hilo. Mtafiti wa elimu Ron Edmonds hakuridhika. Katika miaka ya 1970 alizitafuta shule za mijini zilizojaa watoto wa maskini ambao, pamoja na umaskini wao, walikuwa wakisoma na kuhesabu vizuri, akachunguza zina nini ambacho nyingine hazina. Mwaka 1979 aliyataja mambo machache, na uongozi imara wa shule ulikuwa miongoni mwa yale ya mbele.

Kutoka hapo watafiti wakaanza kuuliza uongozi huo unafanya nini siku kwa siku. Mwaka 1985 Philip Hallinger na Joseph Murphy waliipanga kazi ya mkuu katika mafungu matatu. La kwanza ni kuiwekea shule malengo yanayoeleweka na kila mwalimu. La pili ni kusimamia mtaala na ufundishaji, ikiwemo kufuatilia maendeleo ya wanafunzi. La tatu ni kujenga mazingira ya kujifunzia: kulinda muda wa vipindi, kuwaendeleza walimu, kuwa karibu na wanafunzi. Mgawanyo huo umetumika katika nchi nyingi mpaka leo.

Lakini wakuu waliochunguzwa mwanzoni na watafiti hao walikuwa wa shule za msingi. Huko mwalimu mmoja hufundisha karibu masomo yote, na mkuu wake naye aliyafundisha hayohayo kabla ya kupewa ofisi. Akiingia darasani anaelewa kila kinachoandikwa ubaoni. Wazo hilo lilipohamishiwa sekondari lilibeba dhana hiyo bila kuichunguza, na ndipo tabu ilipoanzia.

Kuna jambo jingine ambalo tafiti zilizofuata zililiweka wazi. Mwaka 1996 Hallinger na Ronald Heck walipitia tafiti za miaka kumi na mitano wakaona kwamba mkuu huwafikia wanafunzi kwa njia ya kuzunguka. Anabadili namna walimu wanavyofanya kazi, muda wanaoupata, vitu wanavyovitumia na matarajio waliyonayo kwa watoto, na hayo ndiyo yanayobadili matokeo. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood na wenzake waliandika kwamba miongoni mwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa shule, uongozi unafuata mara tu baada ya ufundishaji wenyewe kwa uzito wa athari kwa mwanafunzi. Ukiyaunganisha hayo mawili utaona kwamba mkuu ana nguvu kubwa, na kwamba nguvu hiyo haifiki popote isipopita kwa mwalimu.

Tatizo la masomo mengi

Mkuu aliyesomea Historia ataongozaje Fizikia? Katika shule kubwa jibu ni idara. Mkuu wa idara ya sayansi ndiye anayejua kama mada ya umeme imefundishwa kwa majaribio au kwa kukopi notisi, na mkuu wa shule anaongoza kwa kumwongoza yeye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uongozi wa ufundishaji katika sekondari ni kuzifanya idara ziwe hai: zikutane, ziangalie kazi za wanafunzi, zikubaliane mtihani wa ndani utungwe vipi na usahihishwe vipi. Pale ambapo ukuu wa idara ni jina kwenye ubao wa ofisi tu, mkuu wa shule hana mikono.

Katika shule ya kata hali ni ngumu zaidi, kwa sababu idara nzima ya Fizikia inaweza kuwa mtu mmoja, na mtu huyo pengine ni mwalimu wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi. Hana mwenzake wa kumwuliza. Mkuu akimwambia "idara yako ikutane", hana wa kukutana naye.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. Yapo yanayohitaji mtu wa somo: kama ufafanuzi wa mwendokasi ulikuwa sahihi, kama mfano uliotumika unapotosha, kama mada imeruka hatua. Na yapo ambayo mwalimu yeyote mzoefu anayaona hata kama hajui fomula moja: ni wanafunzi gani wanaulizwa maswali, ni muda gani unatumika kukopi, madaftari yamesahihishwa au yamepigwa tiki za kupita, mwanafunzi akikosea anaelekezwa au anachekwa, na mwisho wa kipindi mwalimu anajua nani ameelewa au anafunga kitabu na kutoka. Mkuu wa Historia anaweza kuliongoza kwa ujasiri kundi hili la pili katika kila somo. Kwa kundi la kwanza, kazi yake ni kumtafutia mwalimu mwenzake nje ya shule. Shule tatu za kata zilizo barabara moja, kila moja ikiwa na mwalimu mmoja wa Fizikia, zina idara ya watu watatu endapo wakuu watakubaliana siku moja kwa mwezi na kuchangia nauli ya bodaboda. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unatoa nafasi kwa jumuiya za ujifunzaji za namna hii. Kinachokosekana mara nyingi ni mkuu wa kuziitisha na kuzilinda zisiliwe na shughuli nyingine.

Siku ya mkuu inaishia wapi

Siku yake hailiwi na uvivu. Madarasa yanapojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kuwalipa mafundi bila mkandarasi, mkuu wa shule ndiye anayekaa na kamati ya ujenzi, anayepokea mifuko ya saruji na kufuatilia fundi. Manunuzi yanapita kwenye mfumo wa serikali wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika 2023, nao unahitaji mtu, kompyuta na mtandao ulio hewani. Hesabu za shule zinaingizwa kwenye mfumo wa FFARS. Takwimu zinaombwa leo zikihitajika jana. Mtendaji wa kata ana kikao, diwani ana ugeni, kuna mwenge, kuna chanjo, kuna mzazi aliyekuja na mwanafunzi aliyetoroka. Yote haya ni kazi halali na hakuna hata moja linaloweza kutupwa.

Wakuu wa nchi nyingine nao wanaubeba mzigo wa namna hii. Mwaka 2013 Jason Grissom, Susanna Loeb na Benjamin Master walichapisha utafiti wa eneo la Miami nchini Marekani, ambako watafiti waliwafuata wakuu wapatao mia moja siku nzima na kuandika kila walichokuwa wakikifanya. Muda uliokwenda kwenye ufundishaji ulikuwa takribani asilimia 13. Huko kuna makarani, wahasibu na makamu kadhaa kwa shule moja. Mkuu wa Kaliua mwenye makamu mmoja, ambaye naye ana vipindi ishirini, asione haya kwamba muda wake umebanwa.

Jibu linalopendekezwa kila mara ni kugawa madaraka, na ni jibu zuri likifanywa kwa mpangilio. Kosa la kawaida ni kugawa taaluma na kubaki na ujenzi. Mkuu anamwambia mwalimu wa taaluma, "Wewe shughulika na masomo, mimi nipo kwenye haya majengo," na kuanzia hapo taaluma inakuwa kazi ya mtu asiye na uamuzi juu ya fedha, ratiba wala nidhamu ya walimu. Ningependelea igeuzwe: kamati ya ujenzi ipewe mwalimu makini wa kuisimamia kila siku huku mkuu akisaini na kukagua, na asubuhi mbili za wiki zifungiwe kazi ya darasani, zijulikane kwa walimu, kwa karani na kwa mtendaji wa kata. Mgeni akija asubuhi hizo atapokelewa na makamu. Haitawezekana kila wiki. Ikiwezekana wiki tatu kati ya nne, shule itaanza kuonekana tofauti.

Kuingia darasani na kupita dirishani

Utafiti wa Miami ulikuwa na jambo jingine ambalo ningependa kila mkuu wa shule alijue. Watafiti hawakuishia kuhesabu muda wa ufundishaji kwa jumla, waliugawa. Wakaona kwamba muda ambao wakuu waliutumia kumfundisha mwalimu kazi, kutathmini ufundishaji wake na kuendeleza programu ya masomo uliambatana na wanafunzi kufanya vizuri zaidi. Lakini kupitapita madarasani, kuingia dakika chache na kutoka, ambako ndiko kulikokuwa kwa kawaida zaidi, kuliambatana na matokeo mabaya, hasa katika shule za sekondari. Hali ilikuwa hivyo zaidi pale ambapo ziara hizo hazikuchukuliwa kuwa sehemu ya kumwendeleza mwalimu.

Sisi nasi tuna sura zetu za kupitapita. Ya kwanza ni kutembea barazani na kuchungulia dirishani kuona kama mwalimu yumo. Hilo lina faida yake, mwalimu asiyeingia kabisa hawezi kusaidiwa na ushauri wowote, lakini ni usimamizi wa mahudhurio. Ya pili ni saini. Kila Jumatatu azimio la kazi, andalio la somo na shajara vinapangwa mezani, mkuu anapiga saini na muhuri, vinarudi. Mthibiti ubora wa shule akija atakuta kila kitu kimesainiwa. Mwalimu anajifunza haraka kwamba kinachotazamwa ni karatasi, naye anaandaa karatasi. Andalio la mwaka jana linanakiliwa kwa kalamu mpya, na kipindi kinaendelea kama kilivyokuwa.

Kinachohitajika ni kukaa kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho, halafu kuzungumza siku hiyohiyo. Nitoe mazungumzo ya mfano. Mkuu ni mtu wa Historia, mwalimu ni kijana wa Baiolojia katika mwaka wake wa pili kazini, na kipindi kilikuwa cha kidato cha pili.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Madam, karibu ukae. Nashukuru kunipokea darasani. Kabla sijasema chochote, wewe mwenyewe umekionaje kipindi?"

"Sikumaliza, Mkuu. Mada ni ndefu na muda haukutosha."

"Nilikuwa nahesabu maswali. Uliuliza kumi na moja. Tisa yamejibiwa na wa madawati ya mbele, na manne kati ya hayo amejibu mtoto mmoja. Upande wa dirishani hakujibu hata mmoja."

"Wale hata nikiwauliza wananyamaza, Mkuu. Nikiwasubiri, kipindi kinaisha."

"Wananyamaza kwa sababu hawajui, au hawana Kiingereza cha kujibia?"

"Wengine ni lugha, kwa kweli. Nikiwasogelea wananiambia kwa Kiswahili."

"Basi wiki ijayo jaribu kitu kimoja. Ukishauliza swali, wape dakika mbili wazungumze wawili wawili, waandike sentensi moja, ndipo umtaje mtu. Mimi nitakuja Alhamisi kipindi cha tatu, nitaangalia upande wa dirishani peke yake."

Mkuu huyu hakusema neno lolote la Baiolojia. Alileta kitu alichokiona na ambacho hakibishaniki, akamwachia mwalimu nafasi ya kueleza sababu, wakachagua jambo moja dogo la kujaribu, na akaweka siku ya kurudi. Ahadi ya kurudi ndiyo yenye uzito zaidi, maana mwalimu anajua kwamba ushauri utafuatiliwa na mtu aliyeuona mwanzo wake. Mkuu mwenye walimu kumi na tano akifanya hivi kwa wawili kila wiki, kwa muhula mmoja atakuwa amemfikia kila mmoja zaidi ya mara moja.

Haya hayafai kuchanganywa na nidhamu. Mwalimu akijua kwamba kilichoonekana darasani kitaandikwa kwenye faili lake la utumishi, siku ya ziara ataonyesha kipindi cha maonyesho, chenye chati za rangi na wanafunzi waliopangwa majibu. Mkuu atakuwa ameona tamthilia, na atatoka bila kitu cha kumsaidia mtu.

Nani anafundisha kidato cha kwanza

Uamuzi wa kitaaluma wenye nguvu kuliko yote ambayo mkuu hufanya haumhitaji aingie darasani kabisa. Ni ule wa kuamua nani afundishe nani. Unafanyika Januari, mara nyingi kwa nusu saa, mwalimu wa taaluma akiwa na penseli na ratiba ya mwaka uliopita.

Desturi iliyozoeleka ni kuwapeleka walimu bora kidato cha nne, kwa sababu huko ndiko kuna mtihani wa Novemba na huko ndiko simu ya Januari itakakotoka. Kidato cha kwanza wanapewa mwalimu mpya, wa kujitolea, au anayejaziwa vipindi. Halafu mwaka wa mtihani ukifika inaitwa kambi, rimidio ya usiku, Jumamosi na likizo. Naiona kama desturi inayotugharimu kuliko tunavyokubali. Mtoto anatoka darasa la saba alikofundishwa kwa Kiswahili, na wiki chache baadaye anatakiwa kuielewa Jiografia kwa Kiingereza. Asipopata mwalimu stadi wa kumvusha miezi hiyo ya mwanzo, anajifunza kukariri na kunyamaza, na anaibeba tabia hiyo mpaka kidato cha nne. Kambi inayokuja miaka mitatu baadaye inamkuta ameshazoea kutokuelewa. Mkuu anayempa kidato cha kwanza mwalimu wake bora wa Kiingereza na wa Hisabati anahitaji ujasiri, maana faida yake itaonekana baada ya miaka minne, pengine yeye akiwa amehamishwa. Lakini akiwa na kidato cha pili chenye mtihani wa taifa wa upimaji, anaweza kuona dalili mapema na kuzionyesha kwa wakubwa zake.

Tabora ina kalenda yake pia. Katika wilaya za tumbaku, Urambo, Kaliua na Sikonge zikiwemo, miezi ya mvua inapoelekea mwisho majani yanavunwa, yanafungwa na kukaushwa kwenye mabani, na mikono ya watoto inahitajika nyumbani. Daftari la mahudhurio linapungua bila barua yoyote. Wanaopanga mageto karibu na shule nao hurudi kijijini kufuata unga na kuchelewa kurejea. Mkuu anayesubiri mpaka Juni kuuliza kwa nini kidato cha pili wamefanya vibaya amechelewa. Anayelinganisha daftari la mahudhurio na orodha ya mada anaweza kuona ni mada zipi zilifundishwa darasa likiwa nusu, akapanga zirudiwe kwa muda uliotengwa badala ya kuziacha zipite. Na kwa kuwa wazazi wengi wa huko hukutana kwenye AMCOS zao, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, kuliko wanavyokuja shuleni, mkutano wa chama cha msingi ni mahali pazuri kwa mkuu kuomba dakika kumi na kuwaeleza, kwa majina ya mada na siku zilizopotea, msimu umechukua nini kwa watoto wao. Wazazi hawa wanajua vizuri hesabu ya kilo na daraja la jani. Wakionyeshwa hesabu ya vipindi wataielewa.

Hesabu ninayoizungumzia si ya wastani na nafasi kiwilaya pekee. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikieleza swali kwa swali wengi walikosea wapi na kwa nini, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Ni hazina ambayo shule nyingi haziifungui. Kikao kimoja cha idara, taarifa hiyo ikiwa mezani pamoja na karatasi za mtihani wa ndani wa shule yenyewe, kinaweza kumwonyesha mwalimu wa Uraia kwamba wanafunzi wake wanajua jibu lakini hawajui swali lililosema "eleza" linadai nini. Ugunduzi wa namna hiyo una njia ya kufanyiwa kazi wiki inayofuata. Takwimu ya kwamba shule imeshika nafasi ya thelathini haina.

Mkuu akikaa kama mwanafunzi

Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand, akiwa na Claire Lloyd na Kenneth Rowe, alikusanya tafiti zilizokwishafanyika na kulinganisha aina mbalimbali za kazi za uongozi wa shule. Waliigawa kazi hiyo katika maeneo matano. Eneo lililokuwa na athari kubwa kuliko yote kwa wanafunzi, karibu mara mbili ya lililofuata, lilikuwa mkuu kuhimiza kujifunza kwa walimu na kushiriki mwenyewe katika kujifunza huko.

Kushiriki mwenyewe ndiko kunakopuuzwa. Semina ya MEWAKA shuleni hufunguliwa na mkuu kwa hotuba, kisha anaaga kwa sababu ana mgeni. Walimu wanamsoma. Wanaelewa kwamba jambo hili ni la wadogo. Mkuu anayebaki, anayeshika kalamu na kusema mbele ya vijana wake "hapa nami sijaelewa, rudia", anapata vitu viwili kwa mara moja. Anajua mbinu mpya inadai nini, kwa hiyo hatawadai walimu mambo yasiyowezekana katika darasa la watoto themanini. Pia anawapa walimu ruhusa ya kukiri wasichokijua, ruhusa ambayo haiwezi kutolewa kwa waraka.

Wakati huu jambo hilo lina uzito wa pekee. Mtaala wa sekondari ulielekezwa kwenye umahiri tangu 2005, na utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa, wenye mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, ulianza 2024. Miaka yote hiyo madarasa mengi yamebaki ya chaki na kukopi, kwa kuwa waraka unafika, kitabu kinafika, na anayeufanyia majaribio ubaoni hana wa kujaribu naye.

Mahali uongozi unapokwama

Ningekuwa namdanganya msomaji kama ningeishia hapa. Hakuna uongozi unaofundisha Hisabati pale ambapo mwalimu wa Hisabati hayupo. Mkuu wa shule ya kata haajiri, hahamishi, na hamwongezei mtu mshahara, na darasa lenye watoto mia moja litamchosha hata mwalimu stadi. Yaliyoelezwa hapa yanaongeza thamani ya walimu waliopo. Hayajazi viti vilivyo wazi, na wanaopanga ikama, yaani idadi ya walimu wa kila shule, wasiyatumie kuukwepa wajibu wao.

Kuna pia namna tunavyowapata wakuu. Wengi waliteuliwa kwa sababu walikuwa walimu wazuri au makamu waaminifu, na wakaikuta ofisi bila kufundishwa kuongoza watu wazima. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ulioko Bagamoyo, umeanzishwa kwa kazi hiyo hasa. Mafunzo hayo yangefaa yatangulie uteuzi, na sehemu yake kubwa iwe mazoezi ya kukaa darasani na kuzungumza na mwalimu baada ya kipindi. Kanuni za fedha zina mwongozo wa kusoma. Mazungumzo yale hayajifunzwi kwa kusoma.

Na kuna simu ya Januari. Mkuu anayejua kwamba ataondolewa kwa matokeo ya mwaka mmoja ataiweka nguvu yote kwenye kidato cha nne na kambi, na hatuwezi kumlaumu. Afisa elimu anayetaka wakuu waongoze ufundishaji hana budi kuuliza maswali ya ufundishaji: walimu wangapi umekaa nao darasani muhula huu, walibadili nini, kidato cha kwanza wanafundishwa na nani.

Bodi za shule zinaweza kuanza kabla ya afisa huyo. Taarifa ya taaluma inayosomwa kwenye kikao cha bodi kwa kawaida ina jedwali la madaraja na orodha ya changamoto, na wajumbe huipitisha haraka ili wafike kwenye ujenzi. Mjumbe yeyote, hata yule aliyeishia darasa la saba, anaweza kuomba ukurasa mmoja wa ziada: jina la kila mwalimu wa Kiingereza na Hisabati katika kidato cha kwanza na cha pili, idadi ya vipindi vilivyopotea kwa kila darasa tangu muhula uanze, na jambo moja ambalo walimu wa idara moja wamekubaliana kulijaribu mpaka kikao kijacho. Kikao kijacho aanze kwa kuuliza lile jambo limefikia wapi.